Ordinatere ndogo ya televizyo ya nyumbani: tupime umeme kwanza, ndipo tununue

Kila mwisho wa mzunguko, AVEC na MUSO zetu zinapogawa akiba, kila mama anarudi nyumbani na mawazo yake. Mmoja ananunua bati, mwingine mbuzi, mwingine analipa masomo ya watoto. Lakini siku hizi kuna ombi jipya ambalo wamama wengi wanalisikia nyumbani: watoto, na mara nyingi hata baba yao, wanataka ordinatere ndogo ya kuweka pembeni ya televizyo. Wengine wanaiita kompyuta ya sinema. Kazi yake ni kuhifadhi filamu, nyimbo, picha za familia na masomo, na kuonyesha vyote hivyo kwenye kioo cha televizyo bila kutumia mega za intaneti kila siku.

Ombi hilo si baya. Sisi tunaofundisha tunajua mtoto anayetoka shule saa sita anatafuta kitu cha kuangalia, na kama nyumbani hakuna kitu, anaenda kwenye nyumba ya video ya mtaa. Kule analipa franka, anaona filamu ambazo hakuna mzazi aliyezichagua, kisha anarudi giza limeingia. Kama kitu cha kuangalia kiko nyumbani, na mama ndiye anayejua kilichomo ndani, mambo yanabadilika.

Lakini feza za mzunguko zilikusanywa kwa shida, shea kwa shea, kutoka faida ya sambaza, ndizi na vitenge. Kosa moja la ununuzi linaweza kula kazi ya mwaka mzima. Na kosa linaloonekana mara nyingi ni kuanzia kwenye mashine: watu wanauliza ina nguvu gani, ina jina gani, inafanana na ya nani. Kwetu, mahali umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, swali la kwanza ni lingine: je, nyumba yangu itaweza kuilisha? Mashine inayofaa ni ile ambayo umeme wa nyumba yako unaiweza, na ambayo wewe mama mwenyewe unaweza kuiwasha na kuizima bila kumngoja mtu.

JE, UNAIHITAJI KWELI?

Kabla ya kutoa dola hata moja, geuza televizyo yako na uangalie mgongo wake. Kama ina tundu la USB, chukua flashi, weka filamu moja na picha chache ndani, uichomeke. Kama televizyo inazionyesha vizuri, na wewe unataka tu filamu na nyimbo, basi umemaliza. Flashi inatosha. Nunua nyingine kubwa kidogo na urudishe feza nyingine kwenye sanduku.

Ordinatere inaanza kuwa na faida katika hali nne. Ya kwanza, televizyo yako haina USB, ao inakataa filamu nyingi kwa kuandika kwamba haijui aina hiyo. Ya pili, unataka masomo ya watoto, siyo sinema peke yake. Ya tatu, unataka picha na video za familia zikae mahali pamoja, zimepangwa, badala ya kutawanyika katika telefone tano. Ya nne, kikundi chenu kinataka mashine moja ambayo telefone nyingi zitasomea kwa Wi-Fi, bila mega.

Angalia pia tundu la HDMI. Ordinatere karibu zote hutoa picha kwa HDMI. Televizyo za zamani zenye matundu matatu tu, la njano, jekundu na jeupe, hazina njia hiyo. Ndogo moja tutakayoitaja hapa chini, Raspberry Pi 4, inaweza kutoa picha kwa njia ya zamani ikipata kable yake maalumu, lakini picha haitakuwa safi sana.

HESABU YA UMEME, KAMA HESABU YA JERIKANI

Wamama, hesabu hii si ngumu kuliko ile ya kugawa maji nyumbani. Batri ni jerikani. Wati za kifaa ni ukubwa wa tundu linalotoa maji. Tundu likiwa kubwa, jerikani inaisha haraka.

Tuchukue batri ya jua ya volti 12 na ampea-saa 40. Zidisha 12 mara 40, unapata wati-saa 480. Lakini batri ya asidi haitakiwi kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu kila siku, inakufa mapema. Kwa hiyo unabaki na wati-saa 240 za kutumia jioni moja.

Sasa tuweke televizyo ndogo ya LED inayokula karibu wati 30. Tuongeze ordinatere:

Raspberry Pi 4 ikionyesha filamu inakula karibu wati 5 hadi 7. Pamoja na televizyo ni karibu wati 37. Gawa 240 kwa 37: unapata masaa 6 na nusu.

Ordinatere ndogo mpya yenye prosesa ya Intel N100, ikionyesha filamu, inakula kama wati 12. Jumla 42. Unapata masaa 5 na nusu na zaidi kidogo.

Ordinatere ndogo ya ofisi iliyokwisha kutumika inakula kama wati 20. Jumla 50. Unapata karibu masaa 5.

Ordinatere kubwa ya zamani, ile ya sanduku la kusimama chini ya meza, inakula wati 80 hivi. Jumla 110. Unapata masaa 2 na dakika 10.

Onduleri inayogeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo punguza kidogo kwenye kila hesabu. Na taa je? Na telefone za kuchaji? Ndiyo maana ordinatere kubwa ambayo mtu anakuletea kwa bei ya kutupa inaweza kuwa ghali kuliko zote: filamu moja ikiisha, nyumba inalala gizani.

Angalia tena: kati ya ile ya kwanza na ile ya tatu tofauti ni karibu saa moja na dakika 40 tu. Televizyo ndiyo inayokula zaidi. Kama unapanga kununua vyote viwili, usichukue televizyo kubwa kwa kujionyesha kwa wageni. Kuna televizyo zinazopokea volti 12 moja kwa moja kutoka batri; hizo haziombi onduleri.

AINA TATU UNAZOWEZA KUCHAGUA

Raspberry Pi. Hii ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ili vijana wajifunze ordinatere bila gharama kubwa. Ukubwa wake ni kama karata ya mpiga kura. Ya nne ilitoka mwaka 2019, na wakati ule bei ya kiwanda ilikuwa dola 35 hadi 55 kufuatana na memori. Usitegemee kuipata kwa bei hiyo sokoni kwetu. Kuna usafiri, kuna douane, na kuna vitu vya kuongeza: chaja, kasha, karti ya memori na kable. Kwa filamu peke yake, memori ya gigabaiti 2 inatosha. Kwa masomo, tafuta 4.

Uzuri wake mwingine: inaelewana na televizyo nyingi kwa njia ya kable ileile ya HDMI, kiasi kwamba unaiongoza kwa telekomandi ya televizyo. Kwa koko ao shangazi asiyezoea ordinatere, hilo ni jambo kubwa. Ubaya wake: matundu yake ya HDMI ni madogo kuliko ya kawaida, kwa hiyo kable ya jirani haitaingia. Tena haina saa ya ndani. Umeme ukikatika na hakuna intaneti, inasahau tarehe. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ina nguvu zaidi, lakini inataka chaja yenye nguvu zaidi na inapata joto zaidi. Kwa sinema na masomo ya nyumbani, ya nne inatosha.

Ordinatere ndogo mpya ya N100. Ni kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha sala. Prosesa hii ilitoka mwaka 2023, na inafungua aina zote za filamu zinazozunguka leo bila kuhangaika. Inakuja ikiwa kamili: kasha, diski, chaja. Nyingi zinapokea volti 12, lakini zisiunganishwe moja kwa moja na batri ya jua, maana jua likiwa kali volti zinapanda kupita 14. Fundi aweke kifaa cha kusawazisha volti katikati. Bei yake iko juu ya Raspberry Pi, lakini ukihesabu kila kitu ambacho Raspberry Pi inaomba pembeni, tofauti inapungua.

Ordinatere ndogo ya ofisi iliyokwisha kutumika. Makampuni ya Ulaya na Marekani yanapobadilisha vifaa, maelfu ya ordinatere ndogo kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny yanauzwa kwa bei nafuu, na mengine yanafika katika maduka yetu. Ni mashine imara, na fundi wa mtaa anaweza kubadilisha diski na memori. Lakini soma namba ya prosesa kabla ya kulipa. Ukikuta kwa mfano i5-6500T, ile 6 baada ya kistari inaonyesha kizazi cha sita. Kizazi cha sita na kuendelea kinafungua filamu nyingi za mtindo mpya unaoitwa H.265 bila taabu. Cha saba ni bora zaidi. Cha nne kitahangaika: picha zinakatika na feni inapiga kelele. Angalia pia tundu la HDMI. Nyingi za ofisi zina tundu la DisplayPort tu, nawe utalazimika kuongeza kiunganishi. Na omba iwashwe mbele yako: ikidai neno la siri la kampuni ya zamani, iache hapohapo.

VISANDUKU VYA ANDROID: FUNGUA MACHO

Sokoni utaonyeshwa pia visanduku vyeusi vya Android vya bei ndogo, na muuzaji atakuambia kwamba vinatoa chaneli zote za dunia bure. Vingine vya makampuni yanayojulikana ni vizuri. Lakini vile visivyo na jina, ao vyenye jina ambalo hakuna anayelijua, vina hatari isiyoonekana kwa macho.

Mwezi wa Juni 2025, FBI, ile polisi ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo juu ya vifaa vya namna hii. Vingine vinatoka kiwandani vikiwa tayari na programu mbaya ndani. Vingine vinaipata mwenye nyumba anapoweka programu za kwanza. Wahalifu wanapita katika intaneti ya nyumba hiyo kufanya kazi zao bila mwenyewe kujua. Ubaya huo unaitwa BADBOX 2.0. Onyo lilitaja dalili ambazo hata wewe unaweza kuziona: kifaa kinaahidi chaneli za kulipia bila malipo, ao kinakuomba uzime ulinzi unaoitwa Google Play Protect. Na kumbuka kwamba katika Wi-Fi hiyohiyo kuna telefone yako yenye feza za biashara.

KITU CHA KUWEKA NDANI

Mashine bila programu ni sufuria bila chakula. Bahati nzuri, programu zilizo bora kwa kazi hii ni za bure, na ni halali kabisa kuzigawa.

Kodi inapanga filamu, nyimbo na picha kwenye kioo cha televizyo kwa picha kubwa, hata mtu asiyesoma vizuri anaweza kuchagua. Inazungumza Kifaransa. Kuna mfumo unaoitwa LibreELEC ambao unawasha ordinatere moja kwa moja ndani ya Kodi, bila mambo mengine. Unafanya kazi kwenye Raspberry Pi na kwenye ordinatere ndogo za kawaida. Kama unataka sinema na picha za familia tu, huo ndio mwepesi kuliko yote.

Kama unataka masomo, mwombe fundi aweke mfumo wa Linux wa kawaida, kisha VLC kwa filamu, na programu mbili zifuatazo.

Kiwix inabeba Wikipedia nzima na kuifungua bila intaneti. Ile ya Kifaransa yenye picha inapita gigabaiti 30, kwa hiyo ipakuliwe mara moja tu, mahali pa intaneti nzuri, kisha igawiwe kwa diski kutoka mama hadi mama. Ile ya Kiswahili ni ndogo zaidi. Kuna pia Vikidia, ensiklopedia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 13. Mtoto wa darasa la sita anayejitayarisha kwa mtihani ataielewa kuliko Wikipedia ya wakubwa.

Kolibri ni maktaba ya masomo ya bila intaneti. Ndani yake unaweza kuweka masomo ya hesabu ya Khan Academy kwa Kifaransa, na vitabu vya hadithi za watoto vya African Storybook, vingine kwa Kiswahili. Mama anaweza kukaa na mtoto wake na kusoma hadithi pamoja kwenye televizyo, herufi zikiwa kubwa. Kwa mama aliyeacha shule mapema, hiyo ni njia ya kurudi kusoma bila aibu: mtoto anasoma, mama anafuata, kesho mama anatangulia.

Kiwix na Kolibri vina faida nyingine. Ordinatere inaweza kuvigawa kwa Wi-Fi yake yenyewe. Telefone za nyumbani zinaungana nayo na kusoma bila hata mega moja. Kaka anafanya hesabu kwenye telefone, dada anasoma hadithi kwenye televizyo, wote kutoka kisanduku kimoja.

VITU VIDOGO VINAVYOHARIBU MASHINE KUBWA

Chaja. Raspberry Pi 4 inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Ukiilisha kwa chaja ya telefone ya sokoni, alama ya radi inatokea juu ya kioo, na mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Watu wengi wanafikiri mashine imekufa, kumbe ina njaa.

Kukatika kwa umeme. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika kitu, karti ya memori inaharibika na mashine inakataa kuwaka. Dawa ni tatu: izimwe kwa njia yake ya kuzima, isichomolewe tu kwenye prizi, ilishwe kupitia batri, na vitu vyenu viwekwe kwenye diski ya SSD, maana ile ya kuzunguka inaumia mashine ikiguswa ao ikianguka. Umeme unaporudi huwa unarudi kwa nguvu, kwa hiyo stabilizateri nzuri si anasa.

Flashi na diski za uongo. Sokoni kuna flashi imeandikwa gigabaiti 512 na ndani yake iko 16 tu. Inakubali vitu vyote, kisha unavitafuta na havifunguki. Kabla ya kuweka picha za familia, mwombe fundi aijaribu kwa programu ya kupima. Kwenye Linux kuna inayoitwa F3. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Joto na vumbi. Usiiweke juu ya televizyo, wala karibu na mbabula, wala ndani ya kabati iliyofungwa. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa, isiwahi kufunikwa ikiwa inafanya kazi.

NANI ATASHIKA TELEKOMANDI?

Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama feza za mama zimefanya kazi. Katika nyumba nyingi kifaa kinachonunuliwa kwa akiba ya mama kinageuka kuwa cha wavulana. Wao ndio wanajua kuwasha, wao ndio wanachagua, na wasichana wanaangalia kutoka mlangoni wakiwa na sufuria mikononi. Tunaona matokeo darasani: mvulana anakuja amezoea mashine, msichana anaogopa kugusa.

Kwa hiyo siku fundi anapoweka mashine, mama awe pale, na binti yake pamoja naye. Fundi asiondoke mpaka mama mwenyewe ameiwasha, amefungua somo, amefungua filamu na ameizima, mara mbili. Kisha wekeni saa: jioni saa ya kwanza ni ya masomo, na vyombo vioshwe na wote kabla haijawashwa, ili asibaki mmoja jikoni.

Na picha. Picha za harusi, za ubatizo, sauti ya babu akieleza ukoo, zote leo zimo ndani ya telefone, na telefone inaibiwa ao inaanguka ndani ya maji. Mwezi mara moja, zihamishwe kwenye ordinatere na kwenye diski ya pili ambayo inakaa kwa dada ao kwa rafiki wa mbali kidogo. Hapa kwetu tunajua kuna siku ambazo mtu anatoka nyumbani na kile tu ambacho mkono unaweza kubeba. Televizyo itabaki. Kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha sala kinaingia ndani ya kikapu, chini ya nguo za mtoto. Hiyo nayo ni sababu ya kuchagua ndogo.

KAMA NI YA KIKUNDI

Kikundi kinaweza kununua moja kwa ajili ya wote, na mara nyingi hiyo ni hesabu nzuri kuliko kila mama kununua yake. Lakini andikeni kabla ya kulipa: inakaa kwa nani na kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuongeza vitu ndani, kila familia inatoa franka ngapi kwa mwezi, mama akiondoka katika kikundi anapata nini, na ikiibiwa ao ikifa, hasara ni ya nani. Franka za kila mwezi zisitumike kwa kingine. Batri ya asidi inazeeka, na siku itakapozeeka mtaihitaji sanduku lenu.

MASWALI YA KUBEBA DUKANI

Andika maswali haya kwenye karatasi, uyapeleke, na usilipe kabla ya kupata jibu la kila moja.

1. Inakula wati ngapi, na jioni yetu ni ya masaa mangapi kwa batri tuliyo nayo?
2. Inapokea volti ngapi, na chaja yake ni ya kwake kweli?
3. Ina tundu la HDMI la kawaida, ao nitanunua kable nyingine?
4. Kama imekwisha kutumika, prosesa ni ya kizazi cha ngapi, na haina neno la siri?
5. Diski ni SSD? Imepimwa?
6. Naweza kurudi na flashi yangu yenye filamu na somo, niijaribu hapa mbele yako kwa nusu saa?
7. Ikiharibika, nani hapa mjini anaweza kuitengeneza, na utanipa siku ngapi za kuirudisha?

Muuzaji akikasirika kwa maswali, huyo amekwisha kujibu. Akijibu kwa utulivu na kuichomeka mashine mbele yako, kaa, angalia saa, gusa kasha uone joto lake, sikiliza feni. Nusu saa ya kungoja dukani ni fupi kuliko mzunguko mzima wa akiba.